Anadaiwa na Nani?

Nora Helmer alikosea tarehe. Kila ninapomkumbuka, hilo ndilo linalonijia kwanza, kabla hata ya ule mlango anaoubamiza mwishoni mwa tamthilia ya Henrik Ibsen. Baba yake alifariki Septemba 29. Sahihi ya baba huyohuyo kwenye hati ya mkopo ina tarehe ya Oktoba 2. Marehemu katia sahihi siku tatu baada ya kufa, na Krogstad, mtu aliyemkopesha, anayo karatasi hiyo mfukoni. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na rundo la hati mezani anaujua ubaridi unaokupita mgongoni ukikutana na tarehe ya namna hiyo.

Mimi ni mhasibu. Sikuutaka uhasibu, nilitaka kusoma fasihi, lakini hayo nitayafikia. Ninachotaka kusema kwanza ni kwamba kazi nisiyoitaka ndiyo iliyonifundisha kuwasoma wahusika niliowapenda.

Shuleni tulikuwa na namna moja ya kuwajadili watu walionaswa. Swali likija, "Mhusika amebanwa na jamii yake, fafanua," mkono ulianza kuandika wenyewe: mfumo dume, umaskini, unafiki, elimu duni, mapenzi ya kulazimishwa. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika riwaya ya 1971, anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana: mfumo dume. Maimuna wa Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya 1980, anafungiwa ndani bila kupelekwa shule: mfumo dume na elimu duni, hoja mbili kwa mfano mmoja. Nilipata alama nzuri sana. Na pembeni mwa kurasa, kwa penseli, nilikuwa nawaandikia wahusika wenyewe. Nakala yangu moja bado ninayo, kwenye ukurasa mmoja nimeandika "Ondoka!" na mstari wa chini nimeukandamiza hadi karatasi ikatoboka. Nilikuwa na miaka 17. Niliamini aliyebaki ndani ni mwoga, na kwamba mwandishi alimweka pale ili sisi tumwone mwoga anavyokuwa.

Kisha nikaajiriwa, nikaanza kushinda na vitabu vya hesabu, na jicho likabadilika bila mimi kuliomba ruhusa.

Lilibadilika nikiwa na Emma Bovary, katika riwaya ya Gustave Flaubert. Nilikuwa nimemsoma zamani kama kila mtu anavyomsoma: mke wa daktari wa kijijini, kachoka na mume, kachoka na mji mdogo, anasoma hadithi za mapenzi na kuzitafuta maishani. Safari hii nikamwona mwingine kabisa ndani ya kitabu, mchuuzi wa vitambaa anayeitwa Lheureux. Huyu bwana hana haraka. Anamletea Emma mitandio, anamwambia pesa si hoja, tutazungumza. Wakizungumza, Emma anatia sahihi hati ya kuahidi kulipa. Hati ikiiva na pesa hazipo, inaandikwa nyingine, na safari hii riba imeshaingia ndani ya deni lenyewe. Halafu Lheureux anapenyeza wazo la hati ya uwakilishi, ili Emma aweze kushughulikia mali za mumewe bila kumwuliza. Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Usitie sahihi hiyo." Miaka mingi nyuma ningemwandikia "Ondoka!" Sasa nilikuwa namshauri kama mteja.

Mwisho wa yote ni amri ya mahakama: faranga 8,000, ndani ya saa 24. Hapo ndipo Emma anapoanza kuhangaika mlango kwa mlango. Mthibitishaji wa hati yuko tayari kusaidia ila anataka mwili. Mpenzi wa zamani, Rodolphe, anaombwa 3,000 na anajibu kwa utulivu kwamba hana. Kisha ni sumu. Flaubert alishtakiwa mwaka 1857 kwa kukosea maadili ya umma kupitia kitabu hicho, akaachiwa huru, na upande wa mashtaka ulihangaika na uzinzi. Mimi ningeanza na Lheureux. Naye mumewe, Charles, akishakufa, binti yao mdogo Berthe anaishia kupelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi za pamba. Shuleni tungesema huyo ni mhusika mdogo asiye na umuhimu.

Baada ya Emma nikawa na ugonjwa. Kila mhusika aliyelia kwamba amebanwa, nilimwuliza: unadaiwa na nani, kiasi gani, na hati anayo nani? Utashangaa wanavyojibu. Yusuf wa Abdulrazak Gurnah, katika riwaya ya 1994 ambayo kwa Kiswahili sasa inaitwa Peponi, ana miaka 12 anapopandishwa treni na mtu anayemwita ami. Ami huyo, kila alipowatembelea, alimpa mtoto sarafu ya kuchezea, na mtoto alimpenda kwa ajili hiyo. Ndiye anayemdai baba yake. Yusuf anakwenda kama rehani, na hajui hata neno lenyewe, mpaka kijana mwenzake dukani, Khalil, anapomwambia waziwazi kwamba yule si ami yako. Kuna magereza mengi kwenye riwaya, lakini sijaona nyingine inayoanza kwa sarafu ya mtoto.

Na yule Nora niliyeanza naye. Mwaka 1879 mke wa Norway hakuruhusiwa kukopa bila idhini ya mumewe. Mume ni mgonjwa, waganga wamesema apelekwe kwenye nchi ya joto, baba yupo kitandani anakufa. Nora anaghushi sahihi ya baba. Zaidi ya hapo analipa, kidogokidogo, kwa kubana pesa za nguo zake na kwa kujifungia usiku akinakili maandishi ya watu kwa malipo. Kitu kilichonipita nikiwa shule ni mpangilio wa mwisho. Haondoki akiwa anadaiwa. Krogstad anairudisha ile hati, mume anaitupa motoni, anafurahi, anasema ameokoka. Yeye. Nora inabidi aulize na mimi je. Ni baada ya deni kuungua, ndani ya usiku uleule, ndipo anapoona kuna hesabu nyingine ya miaka 8 ambayo haikuwa kwenye karatasi. Ujerumani mwigizaji mmoja alikataa kumwacha Nora awaache watoto, na Ibsen, kwa kuhofia wengine wasimwandikie mwisho wao, akauandika mwenyewe mwisho ambamo Nora anapelekwa kwenye mlango wa chumba cha watoto na miguu inamwishia hapo. Aliuchukia mwisho huo maisha yake yote. Mimi nauona wa kweli vilevile. Nimewahi kusimama kwenye mlango kama huo.

Maana hapa lugha yetu inatofautisha vitu viwili ambavyo mimi nilivichanganya kwa gharama kubwa. Kuna deni na kuna fadhila. Deni lina tarehe, lina kiasi, na dawa yake inajulikana. Fadhila haina risiti. Anayekufadhili hasemi umlipe, na kwa kuwa hasemi, hujui utamaliza lini.

Mwanamke asiye na jina katika hadithi fupi ya Charlotte Perkins Gilman ya 1892, yule anayewekwa kwenye chumba chenye karatasi ya njano ukutani, hadaiwi hata senti. Mume wake ni daktari. Kampangia mapumziko, kamkataza kuandika, kamchagulia chumba. Dirisha lina nondo na kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni. Na mwanamke huyo, kabla hajaanza kuwaona wanawake wanaotambaa nyuma ya karatasi, anasema jambo lililonifanya nisimame na kuzunguka chumba: kwa jinsi mume anavyomjali, anajiona hana shukrani kwa kutouthamini uangalizi wake. Hajalalamikia nondo. Anajilaumu.

Nilikijua chumba hicho. Baba yetu alipofariki, kaka yangu mkubwa alikuwa na miaka 17, akaacha shule, akaanza kubeba mizigo. Baadaye akawa fundi. Mimi nikasoma mpaka mwisho kwa jasho lake, na hakuna siku alinikumbusha. Siku moja tu, nikijaza fomu za chuo, alikaa karibu yangu akasema, "Chagua kitu kitakachokulisha, mdogo wangu." Hakutaja uhasibu. Mimi ndiye niliyeutaja, kwa sababu niliona uso wake nilipotamka neno fasihi.

Mwezi wa kwanza wa mshahara nilinunua daftari. Jalada la buluu, kurasa 96. Upande wa kushoto nikaorodhesha kila mwaka alionisomesha, karo kwa karo, na sare, na nauli, kwa makadirio pale nilipokosa kumbukumbu. Upande wa kulia nikaandika kila nilichompa. Niliandika kwa penseli, nadhani kwa aibu; wino ungefanya lionekane daftari kweli. Kila mwisho wa mwezi nilipiga hesabu ya salio. Nilijiambia salio likifika sifuri nitaacha kazi nikasome nilichotaka. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wa kutoroka, na ulichukua miaka 11.

Miaka hiyo nilimsoma Gregor Samsa wa Franz Kafka, yule anayeamka asubuhi moja akiwa mdudu, kuliko mhusika mwingine yeyote. Wengi wanakumbuka mdudu. Ukisoma taratibu, mdudu ndiye jambo dogo la asubuhi ile. Gregor anaamka na miguu mingi isiyomtii, na anachowaza ni treni. Saa ya kengele ilitegeshwa ilie saa kumi alfajiri, sasa ni saa kumi na mbili na nusu, treni ya saa kumi na moja imeondoka, inayofuata ni ya saa moja. Kazi haipendi, angeshaiacha, ila wazazi wanadaiwa na bosi wake, na kwa hesabu zake bado miaka mitano au sita. Anazo hesabu! Nilipiga mstari hapo mara tatu. Baadaye, akiwa nyuma ya mlango, anamsikia baba akiwaeleza wenzake kwamba kumbe kuna akiba, na kwamba pesa alizokuwa akizileta Gregor hazikuwa zikiisha zote. Kwa maneno mengine deni lingeweza kulipwa mapema, na yeye angekuwa huru mapema. Gregor hakasiriki. Anatikisa kichwa kwa furaha, anasifu busara ya baba. Nimewaona watu wakitikisa kichwa hivyo. Nimekuwa mmoja wao.

Nikajiambia: huyu ni mimi. Nikamsimulia na kaka, kwa kifupi, jioni moja, hadithi ya mtu aliyegeuka mdudu kwa kulipa deni lisilo lake. Akacheka, akasema Wazungu wana mambo.

Salio likafika sifuri. Nikambebea daftari nyumbani kwake. Ukiniuliza leo nilitarajia nini, nitakuambia ukweli: nilitarajia anipongeze. Nilikuwa na furaha ya yule mume wa Nora hati ikiungua. Nimeokoka.

Akalipokea, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza. Vidole vyake ni vya fundi, vinene, vina nyufa nyeusi zisizotoka kwa sabuni. Alikuwa akigeuza kurasa kwa uangalifu, kama anaogopa kuzichafua. Akasimama kwenye safu ya kushoto.

"Huyu K ni nani?"

"Ni wewe, Kaka."

Akageuza kurasa nyingine tatu au nne. Akaziona zile pesa nilizompa mwanawe alipolazwa, nimeziandika. Ile baiskeli, nimeiandika.

"Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanilipa?"

Sikujibu. Akalifunga daftari, akaliweka juu ya meza baina yetu, akavua miwani. Pesa nilizomtumia mwezi uliofuata alizirudisha. Wa pili vilevile. Ilikuwa miezi minne.

Katika kazi yetu kuna barua ambayo mkaguzi wa hesabu huwaandikia wadai na wadaiwa: vitabu vya fulani vinaonyesha mnadaiana kiasi hiki, je, na vyenu vinasema hivyo? Ni utaratibu wa kawaida, nimeziona barua hizo mamia. Jibu baya kuliko yote, linalomfanya mkaguzi avute kiti, ni lile la upande wa pili kuandika kwamba hawana kumbukumbu ya deni hilo. Miaka 11 nilikuwa na leja ya upande mmoja. Kaka hakuwahi kufungua ukurasa wenye jina langu. Mimi ndiye niliyemfanya mdai, nikamvika koti la Lheureux bila yeye kujua, kisha nikamchukia kimyakimya kwa koti hilo.

Sisemi kwamba wahusika wote wamejifungia wenyewe. Yasmin wa Shafi Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute ya 1999, ni msichana wa miaka 15 aliyeozwa kwa mwanamume wa miaka 52, na hapo hakuna cha kumwuliza zaidi. Alikuwa na haki ya kukimbia, akakimbia, na watu wa kwao wakamfungia mlango. Ninachokipenda pale ni Mwajuma, rafiki asiye na kitu, anayempokea. Mwajuma haandiki popote. Nimetafuta mtu wa namna yake kwenye vitabu vya Wazungu nilivyovitaja hapo juu, na naona ndiyo maana Emma alikufa.

Na kuna wengine ambao daftari langu haliwafikii kabisa. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi, ya 1974, amesoma mpaka chuo kikuu, hana bosi anayemdai, ana mke, na bado anajiua. Nilimpigia hesabu kwa kila njia ninayoijua. Kilichomnasa ni kule kufikiri kwenyewe, na fikra huwezi kuiweka upande wa kushoto wala wa kulia. Namrudia kila baada ya mwaka au miwili na kila mara ananishinda.

Mwezi wa tano kaka akaja mwenyewe. Hatukuzungumzia daftari. Akauliza habari za kazi, nikamwambia sijaacha bado, akasema "aha." Alipokuwa anaaga akasema, "Kile kitabu chako cha mdudu. Nipe."

Alikaa nacho wiki sita. Ni kitabu chembamba, lakini alikuwa akisoma usiku baada ya kazi, na shule aliiacha zamani. Alipokirudisha kilikuwa na alama ya kidole gumba kwenye jalada, na ndani, kwenye mistari yangu mitatu, kulikuwa na doa la mafuta ya mashine.

"Uliniambia wewe ndiye huyu mdudu," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe si huyu." Alikuwa hanitazami, alikuwa anatafuta ukurasa. "Humu kuna binti. Dada yake. Kaka mtu alikuwa anaweka pesa ampeleke akasomee fidla, kwa siri, aje awatangazie siku ya sikukuu. Umemwona?"

Nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimempita mara ishirini.

"Mimi ndiye niliyekuwa naamka saa kumi," akasema kaka.

Tulikaa kimya. Nje kulikuwa na mtu anaita mbwa wake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua hadithi imekwishaje, kama yule binti alikwenda kusoma hatimaye, kwa sababu kurasa za mwisho aliona kama zimekatika.

Nikamwambia hazikukatika. Kaka mtu akishakufa, wazazi wanapanda tramu pamoja na binti, jua linawaka, wanapanga mambo yao. Binti anasimama wa kwanza, anajinyoosha. Na wazazi wanamtazama, wanaona amekuwa mzuri, wanaanza kuwaza kwamba wakati umefika wa kumtafutia mume.

Kaka akanikabidhi kitabu.

"Basi na yeye wameshamkamata," akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.